Kufichwa na Kutokuwepo: Historia ya Sharti katika Kurasa za Wavuti

Ukurasa wa wavuti ulizaliwa bila uwezo wa kuweka sharti. Tim Berners-Lee alipoieleza lugha ya HTML kwa mara ya kwanza mwaka 1991, akiwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, Geneva, tagi zake hazikufika 20, na kazi yake ilikuwa kutaja sehemu za waraka: kichwa cha habari, aya, orodha, kiungo cha kwenda waraka mwingine. Hapakuwa na tagi ya kusema kwamba aya fulani ionekane iwapo tu msomaji amejisajili, au kwamba orodha isionekane ikiwa haina kitu ndani yake. Waraka wa mwanafizikia ulikuwa uleule kwa kila aliyeufungua, na hilo lilitosha. Leo hakuna duka la mtandaoni wala benki inayoonyesha ukurasa uleule kwa kila mtu, lakini HTML yenyewe bado haina tagi ya jumla ya kuweka sharti. Kwa zaidi ya miaka 30 watengenezaji wa tovuti wamekuwa wakilitafutia sharti mahali pa kukaa: kwenye seva, kwenye mitindo ya CSS, kwenye JavaScript, na hatimaye ndani ya vijenzi vya fremuweki kama React, Vue na Angular. Fremuweki hizi husifiwa kwa kasi na kwa wepesi wa kazi. Ninachodai hapa ni kwamba, katika suala la kuonyesha na kutoonyesha, mchango wake mkubwa ni kuunganisha mambo mawili yaliyokuwa yametengana kwa miaka mingi: sharti kuandikwa kando ya kile linachokitawala, na sharti hilohilo kuendelea kufanya kazi muda wote ukurasa unapokuwa wazi.

Sharti lilianzia upande wa seva. Mwaka 1993 kundi la NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, lilelile lililotengeneza kivinjari cha Mosaic, liliweka utaratibu wa CGI ulioiwezesha seva kuendesha programu na kumpelekea msomaji matokeo yake badala ya faili lililokwisha andaliwa. Programu hizo, nyingi zikiwa za Perl au C, zilibeba HTML kipande kwa kipande ndani ya amri za kuchapisha, hivyo aliyetaka kubadili neno moja la kichwa ilimbidi aingie katikati ya msimbo. PHP iliupindua mpangilio huo. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alianza mwaka 1994 na vijiprogramu vya kufuatilia waliotembelea wasifu wake wa kazi mtandaoni, akavitangaza hadharani tarehe 8 Juni 1995. Kadiri lugha hiyo ilivyokua, HTML ilishika nafasi ya kwanza na msimbo ukachomekwa pale tu ulipohitajika. Mwaka huohuo ndugu wawili, Jeremy na J.J. Allaire, walitoa ColdFusion, ambamo sharti lilivaa sura ya tagi kabisa: CFIF ilifungua upande mmoja, CFELSE ikashika upande wa pili. Microsoft ilifuata na ASP mwezi Desemba 1996. Kufikia Novemba 1999 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, lilikuwa limeliweka sharti ndani ya kiwango rasmi cha XSLT, pamoja na tagi za kuchagua njia moja kati ya kadhaa. Katika miaka isiyozidi sita sharti lilikuwa limetoka nje ya HTML na kurudi kukaa katikati ya HTML.

Utaratibu huo wa seva ulikuwa na fadhila mbili ambazo thamani yake ilikuja kuonekana baadaye. Kwanza, aliyesoma faili la PHP au ColdFusion aliliona sharti na maandishi yanayolitegemea katika mistari inayofuatana. Hakuhitaji kukisia ni nini kinachofanya salamu ya mteja ionekane, kwa sababu jibu lilikuwa juu ya salamu yenyewe. Pili, kisichotimiza sharti hakikuwepo kwa maana kamili. Seva haikukiandika, mtandao haukukisafirisha, na kivinjari hakikujua kwamba kingeweza kuwepo. Upungufu wake ulikuwa mmoja lakini mkubwa: sharti liliulizwa mara moja tu, pale ukurasa ulipotungwa. Mteja akiongeza bidhaa kwenye kikapu, au akikosea kujaza fomu, hapakuwa na njia ya kuuliza upya isipokuwa kuutuma ukurasa wote tena, na yeye kukaa akisubiri mbele ya skrini nyeupe. Kwa waraka wa kusoma, upungufu huo ulivumilika. Kwa chombo cha kufanyia kazi, ulikera, na kero hiyo ndiyo iliyosukuma historia mbele.

Njia ya pili ilikuwa ikikua ndani ya kivinjari. Brendan Eich aliitunga JavaScript mwezi Mei 1995 katika kampuni ya Netscape kwa muda wa siku 10, na tarehe 17 Desemba 1996 W3C ikapitisha kiwango cha kwanza cha CSS, lugha ya mitindo aliyokuwa ameipendekeza Håkon Wium Lie miaka miwili kabla. Ndani ya kiwango hicho kulikuwa na agizo dogo, display: none, linalokiambia kivinjari kisichore kitu fulani wala kisikitengee nafasi. Vivinjari vya toleo la nne vya Netscape na Microsoft vilipotoka mwaka 1997, JavaScript iliweza kubadili mitindo ya vitu vilivyokwisha kufika kwenye skrini, ingawa kila kampuni ilikuwa na namna yake. Kwa mara ya kwanza kitu kiliweza kuonekana na kutoweka bila ukurasa kuletwa upya. Lakini tazama kilichobadilika katika maana yenyewe ya kutoonekana. Kilichoondolewa na seva hakipo. Kilichofichwa na CSS kiko nyuma ya pazia, bado kimo chumbani. Maandishi yake yamesafirishwa, picha zake huenda zimepakuliwa, sehemu zake za kujaza bado zinatumwa pamoja na fomu, na yeyote anayefungua msimbo wa ukurasa anayasoma yote. Tofauti hii kati ya kufichwa na kutokuwepo ndiyo mhimili wa yote yaliyofuata, na makosa mengi ya fani hii hutokana na kuichukulia kama jambo moja.

Gmail ilipotolewa tarehe 1 Aprili 2004, na ramani za Google Februari 2005, ilidhihirika kwamba ukurasa mmoja unaweza kukaa wazi kutwa nzima ukibadilika bila kupakiwa upya. Jesse James Garrett aliupa mtindo huo jina la Ajax mwezi huohuo wa Februari 2005, na mwaka uliofuata John Resig akaitoa jQuery, maktaba iliyozifuta tofauti za vivinjari na kuwapa watengenezaji amri fupi za kuonyesha na kuficha. Ilienea mno, na kwa haki. Hata hivyo ni katika miaka hiyo ambapo sharti lilipotea kutoka kwenye maandishi. Chukua ujumbe wa kosa kwenye fomu. HTML iliubeba ujumbe wenyewe, CSS ikaanza kwa kuuficha, kisha amri moja ya JavaScript ikauonyesha data ilipokataliwa, nyingine ikauficha mtumiaji alipoanza kuandika upya, na ya tatu ikauficha fomu ilipofungwa. Sharti halisi, yaani kwamba ujumbe uonekane pale tu panapokuwa na kosa, halikuandikwa popote. Lilikuwa jumla ya amri zilizotawanyika katika mafaili matatu, na ukweli wake ulitegemea kumbukumbu ya mtu. Akija mwingine miezi sita baadaye na kuongeza njia ya nne ya kufunga fomu, akasahau kuficha, ujumbe wa kosa la jana utamsubiri mteja wa leo. Haikuwa haki kuwalaumu watu hao kwa uzembe, kwa sababu chombo walichokuwa nacho kilijua amri tu: fanya hiki sasa, fanya kile baadaye. Hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba jambo hili liwe kweli wakati wote.

Hapo linajitokeza pingamizi la kwanza, na ni la heshima kwa sababu lilitolewa na watu makini: kwamba sharti kukaa mbali na maandishi ni jambo jema, kwa kuwa kazi ya mpangilio na kazi ya mantiki zinapaswa kutenganishwa. Mwaka 2004 Terence Parr wa Chuo Kikuu cha San Francisco alichapisha hoja kali kwamba chombo cha violezo kinapaswa kumzuia mwandishi kwa nguvu asichanganye mantiki na sura. Mwaka 2009 Chris Wanstrath alitoa Mustache, mfumo wa violezo uliojitambulisha kuwa hauna mantiki kabisa. Walikuwa na ushahidi: faili za PHP za miaka ile mara nyingi ziliulizia hifadhidata katikati ya jedwali la HTML, zikakokotoa kodi katikati ya aya. Lakini angalia walichobakiza baada ya kufagia. Chombo cha Parr, StringTemplate, kilikataza hesabu na ulinganishaji, kikaruhusu kuuliza kama kitu kipo au hakipo. Mustache haikuwa na neno la sharti, ila ilikuwa na sehemu inayoonekana pale thamani ikiwepo na sehemu ya kinyume inayoonekana pale thamani ikikosekana. Yaani waliokusudia kuiondoa mantiki yote walijikuta wakiuacha mlango mmoja wazi, na mlango huo ni sharti la kuonyesha. Huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko hoja yoyote ya kinadharia: swali la nini kionekane ni sehemu ya sura ya ukurasa. Hesabu ya kodi inaweza kuhamishwa kwenda kwingine bila mpangilio kupoteza chochote. Agizo kwamba kikapu kitupu kiandikwe kuwa ni kitupu haliwezi kuhamishwa, kwa sababu ndilo mpangilio wenyewe.

Fremuweki za kwanza za kivinjari zilirithi fikra hiyo bila kuitangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfumo wa Zope ulikuwa umeonyesha, upande wa seva, kwamba sharti linaweza kukaa kama sifa juu ya tagi ya kawaida ya HTML, na umbo hilo likaonekana tena ndani ya kivinjari. Knockout ya Steve Sanderson, iliyotoka mwaka 2010, ilimruhusu mwandishi afunge kuonekana kwa kipande na thamani fulani, na chombo chenyewe kikafuatilia thamani hiyo. AngularJS, iliyoanzishwa na Miško Hevery pamoja na Adam Abrons mwaka 2009 na kufikia toleo la 1.0 ndani ya Google mwaka 2012, ilifanya vivyo hivyo kwa sifa za ng-show na ng-hide. Hapo sharti lilirudi nyumbani: liliandikwa tena juu ya kile linachokitawala, na safari hii lilikuwa hai. Thamani ikibadilika saa yoyote, kipande kinaonekana au kinatoweka bila mtu kutoa amri. Kilichokuwa bado hakijatatuliwa ni aina ya kutoonekana. Sifa za ng-show na ng-hide zilifanya kazi kwa CSS, hivyo zilificha tu, na ukurasa wenye sehemu nyingi zilizofichwa ulizibeba zote kwenye kumbukumbu na kuzifuatilia zote. Mwaka 2013 ndipo AngularJS ilipoongeza ng-if, inayoondoa kipande kwenye waraka na kukiunda upya sharti linapotimia. Kwamba fremuweki maarufu ya wakati huo ilianza na kuficha, kisha ikalazimika kuongeza kuondoa, kunaonyesha kuwa haja mbili hizi ni tofauti na moja haiwezi kuibeba nyingine.

Mwezi Mei 2013, katika mkutano wa JSConf huko Marekani, Facebook iliiweka hadharani React, iliyobuniwa na mhandisi wake Jordan Walke. Wengi waliipokea kwa mashaka, na kilichowaudhi zaidi ni JSX, namna ya kuandika tagi zinazofanana na HTML ndani ya JavaScript. Pingamizi la kutenganisha mpangilio na mantiki lilirudi kwa sauti kubwa. Jibu la timu ya React, lililoelezwa na Pete Hunt mwaka huohuo, lilikuwa kwamba kutenganisha lugha hakutenganishi kazi: kiolezo na msimbo unaokiendesha hubadilika pamoja, kwa hiyo ni kazi moja iliyogawanywa katika faili mbili. Kwa suala letu, matokeo yake yalikuwa kwamba React haikuhitaji sifa maalumu ya sharti. Kijenzi ni fanksheni inayopokea hali na kurudisha maelezo ya skrini inavyopaswa kuwa; kisichorudishwa hakipo. Sharti likawa sharti la kawaida la JavaScript. Urahisi huo una gharama yake. Mwandishi anayetumia alama ya && ili orodha ya ujumbe ionekane pale idadi inapozidi sifuri, akiiweka idadi yenyewe kuwa sharti, hukuta tarakimu 0 imechapwa kwenye skrini idadi ikiwa sifuri, kwa kuwa JavaScript inairudisha ile sifuri yenyewe na React inaichora kama namba. Na hata kutokuwepo kulihitaji alama ya mahali. Hadi toleo la 15, mwaka 2016, kijenzi kisichorudisha kitu kiliacha tagi ya noscript pale kingekaa. Katika toleo hilo kikaacha maoni matupu ya HTML, sawa na yale ambayo AngularJS na Vue huyaacha. Chombo lazima kikumbuke kitu kilikuwa wapi ili kiweze kukirudisha.

Vue, iliyotolewa na Evan You mwaka 2014, iliitaja tofauti hii waziwazi kwa kuwapa watumiaji sifa mbili zinazosimama pamoja: v-if inayoondoa na kuunda upya, na v-show inayoficha. Mwongozo wake hufundisha kwamba v-show hugharimu zaidi mwanzoni na v-if hugharimu zaidi kila sharti linapogeuka, kwa hiyo kinachofunguka na kufungika mara nyingi kifichwe, na kisichobadilika mara kwa mara kiondolewe. Svelte ya Rich Harris, ya mwaka 2016, ililipa sharti umbo la bloku ndani ya kiolezo, na Solid ya Ryan Carniato ikalifanya kuwa kijenzi kinachoitwa Show. Angular mpya ya mwaka 2016 ilikuwa na *ngIf, lakini toleo la 4 la Machi 2017 ndilo lililoiletea upande wa pili wa sharti, na Novemba 2023, katika toleo la 17, sifa hiyo ikaanza kuiachia nafasi bloku ya @if iliyo sehemu ya lugha ya violezo yenyewe. Vue pia ilijirekebisha: katika toleo la 2, tagi yenye v-for na v-if kwa pamoja ilizungushwa kwanza kisha ikaulizwa sharti; katika toleo la 3, la Septemba 2020, sharti linaulizwa kwanza. Fremuweki zinazoshindana, zenye falsafa tofauti kuhusu karibu kila kitu kingine, zimeishia mahali pamoja: sharti liandikwe pale kinapoandikwa kitu, pande zake zote mbili zionekane pamoja, na mwandishi ajue kama anaficha au anaondoa. Muafaka wa namna hii haupatikani kwa kuigana tu.

Pingamizi la pili husema kwamba hii ni PHP ya mwaka 1995 iliyovalishwa nguo mpya, na kwamba miaka 20 ilipotea bure. Nusu ya pingamizi hili ni kweli, na nimekwisha kuikubali: ukaribu wa sharti na maandishi ni fadhila ya zamani iliyorudishwa. Nusu ya pili inasahau muda. Sharti la PHP liliulizwa mara moja na likafa pamoja na ombi lililolileta. Sharti la kijenzi linaulizwa tena kila hali inapobadilika, na hilo linaleta tatizo ambalo seva haikuwahi kukutana nalo, nalo ni hatima ya yaliyokuwa ndani ya kitu kinachoondolewa. Mtumiaji ameandika nusu ya barua ndani ya kisanduku, akagusa kichupo kingine, kisanduku kikaondolewa kwa sharti. Akirudi, kisanduku ni kipya na barua haipo. Kingefichwa, barua ingekuwepo, lakini pia saa zinazohesabu ndani yake na miunganisho yake na seva vingeendelea kufanya kazi bila mtu kuviona. Ndiyo maana Vue ina keep-alive, inayokiondoa kijenzi kwenye waraka huku ikiitunza hali yake, na ndiyo maana React, katika toleo la 19.2 la Oktoba 2025, iliongeza Activity, inayoficha kwa CSS na kuitunza hali huku ikisimamisha shughuli za pembeni za kijenzi. Kati ya kufichwa na kutokuwepo sasa kuna daraja la tatu, la kuwepo kwa kusitishwa. PHP haikulihitaji, na fremuweki za kwanza hazikulijua.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi na mtumiaji hayamhusu. Ushahidi unakataa. Mtu asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, husikia kile kilichomo kwenye waraka. Kilichoondolewa hakisomwi, na kilichofichwa kwa display: none hakisomwi pia, lakini kilichofanywa kisionekane kwa kupunguza ukolezo wa wino hadi sifuri, kwa opacity, bado kinasomwa, naye atasikia vitufe ambavyo mwenzake anayeona havioni. Upande wa pili, kiwango cha WAI-ARIA cha Machi 2014 kinatoa maeneo ya kutangaza mabadiliko, na maeneo hayo hufanya kazi kwa uhakika zaidi yakiwepo kwenye waraka kabla ya ujumbe kuingia. Mwandishi anayeliunda eneo zima pamoja na ujumbe wake kwa sharti moja anaweza kumwacha msikilizaji bila taarifa kwamba malipo yake yameshindikana. Kuna pia suala la gharama. Kwa anayenunua bando la intaneti kwa siku, mjini Mombasa au Mwanza, kila kilichofichwa kilichosafirishwa kimelipiwa, hata kama hatakiona kamwe. Uwezo wa kupakia msimbo wa kijenzi pale tu sharti linapotimia, ulioingia React mwezi Oktoba 2018 na uliomo katika Vue na Angular pia, kwake yeye ni fedha. La mwisho na zito zaidi ni usalama. Kitufe cha msimamizi kilichoondolewa kwenye kivinjari hakikulindwa. Msimbo wake na anwani yake ya seva vimo katika faili ambalo kila mtu amepakua. Shirika la OWASP lilipotoa orodha yake ya hatari 10 za usalama wa wavuti mwaka 2021, udhaifu wa kudhibiti ruhusa ulipanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza. Sharti la kivinjari ni adabu ya skrini. Ruhusa huamuliwa na seva.

Ndiyo sababu miaka ya karibuni imeirudisha seva kwenye mazungumzo. Next.js, fremuweki iliyojengwa juu ya React, kuanzia 2016 iliwafanya wengi wazoee kutunga vijenzi vya React kwanza kwenye seva kisha kuvihuisha kwenye kivinjari, na mwezi Desemba 2020 timu ya React ilitambulisha vijenzi vinavyotungwa kwenye seva peke yake. Kwa vijenzi vya aina hii ya pili, kisichotimiza sharti hakisafirishwi kabisa, kama enzi za PHP. Kwa vile vya kwanza, sharti moja huulizwa mara mbili mahali pawili, na majibu lazima yafanane. Ukurasa unaochagua salamu kwa kuangalia saa unaweza kukwama hapo: saa 2 asubuhi ya Dar es Salaam ni saa 11 alfajiri kwa saa za Greenwich, na seva inayofuata Greenwich inaweza kuandika salamu ya usiku huku simu ya msomaji ikitaka ya asubuhi. React itatoa onyo kwamba pande mbili hazipatani. Wanaolichukulia onyo hilo kama usumbufu hawaoni linachofichua, kwamba sharti linategemea jambo ambalo seva hailijui, na hapo dawa ni kuipa seva habari hiyo au kuliacha swali lijibiwe na kivinjari peke yake.

Linabaki pingamizi moja ambalo sina budi kulipa uzito. Sharti likiwa rahisi kuandika, huandikwa kupita kiasi. Kijenzi chenye hali tano za ndiyo au hapana kina michanganyiko 32, na mingi haina maana: inapakia na wakati huohuo imeshindikana, haina data na wakati huohuo inaonyesha orodha. Ni kweli, na kijenzi chenye masharti yaliyopandana hakisomeki kwa urahisi kuliko msimbo wa jQuery. Lakini ubaya huu sasa unaonekana. Katika enzi ya amri zilizotawanyika, michanganyiko hiyo ilikuwepo vilevile, na hapakuwa na mahali pa kuihesabu. Sharti lililoandikwa kando ya kitu chake linaweza kusomwa, kukosolewa na kubadilishwa na hali moja yenye majina: inasubiri, imefaulu, imeshindikana, ni tupu. Kila jina hupata sura yake, na michanganyiko isiyowezekana haina mahali pa kuandikwa.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaoingia katika fani hii leo huanza moja kwa moja na React au Vue, wakifundishwa alama ya && na sifa ya v-if kabla ya kujua zilitokea wapi. Wanajifunza namna ya kuandika sharti, na hawaambiwi kwamba kila sharti ni uamuzi wenye sehemu tatu: nani anauamua, seva au kivinjari, kisichoonekana kimefichwa, kimesitishwa au hakipo, na nani anabeba matokeo, mwenye bando dogo, asiyeona skrini, au aliyeandika nusu ya barua. Historia niliyoieleza imejibu kila moja ya maswali hayo kwa gharama, wakati mwingine kwa kupoteza jibu lililokwisha kupatikana na kulitafuta upya miaka 15 baadaye. Mwalimu anayefundisha v-if bila v-show, au anayefundisha kuficha kitufe bila kufundisha ukaguzi wa seva, anamrudisha mwanafunzi mwaka 2006. Saa moja ya somo inatosha kuieleza tofauti hiyo, na mahali pake ni wiki ya kwanza, kabla mwanafunzi hajaandika kijenzi chake cha pili.